Pointi 2 zile zile

Shangazi yangu haangalii mpira, anaangalia Taifa Stars. Hivyo ni vitu viwili, na tofauti yake alinifundisha mwenyewe siku nilipomkaribisha tutazame Simba na Yanga. "Wote si watoto wetu?" akaniuliza. "Sasa nimshangilie nani, nimlilie nani?" Akarudi kwenye mlenda wake. Lakini wimbo wa taifa ukipigwa uwanjani, hata sufuria anaiacha motoni. Anasogeza kigoda mpaka pua inakaribia kugusa runinga, anajifunga khanga kiunoni kama anayekwenda palizi, na kwa dakika 90 nyumba yake pale Kizota haina mwenye sauti isipokuwa yeye.

Mimi ni shabiki lialia. Nauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Sabasaba, na nyuma ya mlango wa duka kuna ubao uliokuwa wa bei za plagi na minyororo. Siku hizi umejaa misimamo ya makundi. Uwanja wa Jamhuri nimekaa juani, nimekaa mvuani, na nimewahi kutoka pale na vumbi la Dodoma kwenye meno baada ya Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, kubanwa nyumbani, nikajiambia siku haikuharibika, pointi 1 imeingia. Shangazi hawezi kumwelewa mtu anayelipa kiingilio akatazame watu wasiomaliza walichokianza.

Hapo ndipo tunapogombana. Nani acheze namba 9, kocha abaki au aondoke, hayo kwake ni mambo ya wanaume wasio na shamba. Tunagombania sare.

Refa akipuliza, kwenye kioo pameandikwa 1-1, shangazi hugeuka na kuuliza, "Kwa hiyo nani kashinda?" Miaka ya mwanzo nilidhani hajaona matokeo, nikawa namsomea: sisi moja, wao moja. Akanikatisha. "Kusoma najua. Nimeuliza nani kashinda."

Nikimwambia ni sare, ananijibu kwamba sare anazijua, ni za harusini. "Mnavaa kitenge kimoja watu 30, lakini bibi harusi ni mmoja."

Watangazaji wetu wa mpira walishazigawa sare mafungu mawili. Mechi isiyo na bao ni suluhu. Ikiwa na mabao, hiyo ndiyo sare. Vijana wengi hawajali tena, kwao zote ni droo, neno ambalo pia ni la kupanga makundi, na hapo ndipo mtu wa pembeni anapochanganyikiwa kabisa. Baba mdogo, mdogo wake shangazi anayeishi Mpwapwa, ukimwambia "sare ya bila kufungana" anakurekebisha palepale kama mwalimu wa darasa la 4. Nilikuwa namwona anajisumbua. Nitarudi kwenye hilo, maana Desemba 2025 tofauti hiyo ilikuwa na thamani ya tiketi.

Kwanza usiku wa Zambia.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, fainali za mataifa ya Afrika, AFCON, kule Ivory Coast. Tulikuwa tumeshapigwa 3-0 na Moroko. Saa 2 usiku tukaingia na Zambia kule San Pédro, na dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Shangazi alipiga kigelegele kilichomwamsha mbwa wa jirani. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akala kadi nyekundu. Tunaongoza, wao wako 10. Halafu umeme ukakatika.

Shangazi hakusubiri. Akabeba kigoda chake kichwani, akavuka barabara kwenda banda la mpira, mimi nyuma yake na tochi ya simu. Sidhani kama banda lile liliwahi kuingia mama wa umri wake. Vijana waliokuwa wamebanana kwenye mabenchi wakasimama, "shikamoo mama" kila kona, na mwenye banda akakataa kupokea shilingi 500 yake. Akakaa mbele kabisa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mtangazaji tulikuwa tunamsoma midomo tu, ambaye naye haonekani.

Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.

Banda zima kimya, ila mtu mmoja nyuma. Alikuwa bodaboda, mteja wangu wa breki na taa, na alikuwa anarukaruka huku amekumbatia simu. Shangazi akageuka polepole. "Wewe ni Mzambia?"

"Hapana mama. Mkeka. Nimeweka sare."

Hilo ni kundi la tatu la mashabiki ambalo wazee wetu hawakulijua. Kuna wa msimu kama shangazi, kuna lialia kama mimi, na kuna watu wa mkeka, wanaobeti. Hao ndio pekee duniani wanaoomba sare tangu dakika ya kwanza, na kwa kweli ndio wanaoiheshimu. Kwao ni tokeo kamili lenye bei yake. Jamaa yule alipata hela yake na hakurudi kwenye banda lile mwezi mzima.

Njiani kurudi, tope hadi kwenye vifundo, nikaanza kazi yangu. Pointi ni pointi, shangazi. Zambia si wa kubeza, walibeba kombe hili 2012. Mechi bado ipo.

"Wao walikuwa pungufu?"

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa mbele?"

"Ndiyo."

"Basi tumefungwa."

Nilimweleza mpaka tukafika mlangoni. Nilimweleza kama mtu anayejitetea mahakamani, na najua sasa kwamba nilikuwa najieleza mwenyewe. Jumatano yake tukacheza na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo saa 5 usiku, shangazi akiwa amelala, ikaisha suluhu. Asubuhi nikafungua duka, nikachukua chaki, nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kumwonyesha. Tulimaliza wa mwisho tukiwa na pointi 2. Zambia nao walikuwa na 2, wa tatu kwa mabao, na hazikuwafikisha popote. Kongo walikuwa na 3, wakawa wa pili. Sasa futa lile bao la Daka, mengine yote yaache yalivyo: sisi 4, Kongo 3, Zambia 1. Tunapita nyuma ya Moroko. Dakika 2 na nyongeza.

Kilichonichoma zaidi ni Kongo. Hawakushinda mechi hata moja kundini, sare 3 tupu. Hatua ya 16 wakatoka sare tena na Misri, wakapita kwa mikwaju ya penalti 8-7, mkwaju wa mwisho akaupiga kipa wao, Lionel Mpasi. Wakafika nusu fainali. Sare zao zilijenga nyumba, zetu zikawa kokoto za njiani.

Kwa hiyo mama asiyejua kuotea ni nini alikuwa ameiona ile sare vizuri kuliko mwenye ubao. Yeye alitazama tulikuwa wapi dakika ya 87 na tuko wapi ya 90. Mimi nilitazama msimamo, na kwenye msimamo pointi 1 haina kumbukumbu ya ilivyopatikana. Aliyetoka nyuma na aliyeporwa mkononi wanaandikiwa tarakimu ileile.

Nilisubiri Krismasi ya mwaka huo baba mdogo aje, nikitafuta mtu wa upande wangu.

Baba mdogo ni mtu wa redio. Kwake sare kuu ya taifa hili ni moja: Ndola, Agosti 1979. Nchi imetoka vitani Uganda, mifuko mitupu, na Taifa Stars imeshinda 1-0 Dar es Salaam. Inabidi waende Zambia kulinda hilo bao. Anasimulia walivyokaa chini ya mwembe wakimzunguka mwenye redio, mpaka Peter Tino aliposawazisha ikawa 1-1 na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, zile za Nigeria 1980. "Tulibebana," husema, na hapo sauti yake hupungua kidogo. "Kwa sare, mwanangu. Watu walibebana mabegani kwa sare."

Nikamwuliza kwa nini rika lake linaipenda sare kuliko vijana wa dukani kwangu, ambao wengi wanataka kila mechi iishe kwa penalti. Jibu lake lilikuwa la hesabu. Wakati wake ushindi ulikuwa pointi 2. Sare ilikuwa nusu ya ushindi. Ukipata sare 2 ni kama umeshinda mechi. Uingereza walianza kutoa pointi 3 kwa mshindi mwaka 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994 kule Marekani, na toka hapo sare ikawa theluthi. Hakuna aliyeigusa sare yenyewe, pointi yake ni ileile 1. Walichofanya ni kumpandishia bei jirani yake. Nilikuwa nazijua tarehe hizo, ila sikuwahi kufikiri kwamba mimi na baba mdogo tunapobishana kuhusu sare, kila mmoja anapima kwa kibaba chake.

(Vijana wa penalti, kwa taarifa yenu: ligi ya Marekani ya MLS ilianza 1996 bila sare kabisa, kila mechi iliyolingana ikaamuliwa kwa mchezaji kukimbia na mpira kumkabili kipa. Baada ya msimu wa 1999 waliiacha.)

Tukakaa na baba mdogo uani tukahesabu tulivyofuzu kila mara. Ndola, sare. Ile ya 2019 tulifuzu kwa kuipiga Uganda 3-0 kwa Mkapa, hiyo kila mtu anaikumbuka. Wachache wanakumbuka kwamba jioni ileile Lesotho walikuwa Cape Verde, na kama wangeshinda wangelingana nasi pointi 8, wakapita wao kwa sababu walituzidi tulipokutana. Ikaisha 0-0. Tulicheza vizuri Dar es Salaam, tukafuzu kwa suluhu ya watu wengine katikati ya bahari ya Atlantiki. Kisha tarehe 7 Septemba 2023, Annaba, Algeria 0-0 Tanzania, tukafuzu tena. Ni AFCON ya 2025 tu ndiyo tuliingia kwa ushindi mkavu, 1-0 dhidi ya Guinea.

Shangazi alikuwa anachambua mchele pembeni. "Na huko mkishafika?"

Tukanyamaza. 1980, kufungwa mara 2 na sare ya 1-1 na Ivory Coast. 2019, kufungwa zote 3. Ivory Coast 2024, nimeshasema. Katika fainali hizo hatukuwa tumeshinda mechi hata moja. Kila pointi tuliyowahi kuokota AFCON ilikuwa ya sare. Shangazi alikuwa ameuliza swali moja miaka yote, na miaka yote jibu lake lilikuwa moja, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitamka.

Baba mdogo akajaribu kuniokoa kwa mfano wa mbali. Kombe la Dunia 1982, Hispania. Italia na Kameruni kundi moja, kila mmoja katoka sare mechi zote 3, moja yao wakiwa wao kwa wao, 1-1. Pointi sawa, tofauti ya mabao sawa. Italia walikuwa wamefunga mabao 2, Kameruni 1. Kameruni wakarudi nyumbani bila kufungwa na mtu, Italia wakaenda wakabeba kombe.

"Kwa bao moja?"

"Kwa bao moja, dada."

Nami nikaongeza ya Guinea na Mali, AFCON 2015. Kila kitu sawa hadi mabao, ikabidi ipigwe kura ya bahati, Guinea wakapita na Mali wakatoka. Hiyo peke yake ndiyo ilimwingia. "Kama upatu," akasema. Shangazi amecheza upatu miaka 20, anajua maana ya karatasi iliyokunjwa. "Hapo sawa. Upatu hauna fundi."

Sasa Desemba 2025, Moroko. Kundi letu Nigeria, Tunisia na Uganda. Nigeria wakatufunga 2-1. Na Uganda tukatoka 1-1: Msuva kwa penalti, wakasawazisha, kisha wao wakakosa penalti dakika za lala salama. Shangazi siku ile hakuuliza kitu. Aliposhuhudia ile penalti ikipaa alisema tu, "Ahsante Mungu," nikagundua kwamba naye kumbe kuna sare anazozipokea.

Kisha Jumanne ya tarehe 30, Tunisia. Baba mdogo alikuwa bado hajarudi Mpwapwa. Nilikuwa nimeuchukua ubao dukani, nimeufunga kwenye pikipiki, nikaupigilia ukutani sebuleni kwa shangazi, naye akauacha ingawa chaki ilikuwa inamwagikia kochi. Wa tatu bora 4 kati ya 6 wanapita. Komoro wa kundi A wameshamaliza na pointi 2 bila bao hata moja. Angola wa kundi B wameshamaliza na pointi 2, wamefunga 2, wamefungwa 3. Sisi tuna pointi 1, tumefunga 2, tumefungwa 3.

Baba mdogo akaangalia, akavua miwani. "Unaona?" akaniambia. Ikiwa suluhu, tunalingana na Angola kila tarakimu, tunaanza kuomba matokeo ya makundi mengine. Ikiwa sare, 1-1, tunawapita Angola kwa bao la kufunga, na tumepita palepale, mradi Uganda wasiwafunge Nigeria. Mzee yule amerekebisha watu miaka 40, suluhu si sare, suluhu si sare, na usiku ule nchi nzima ilikuwa imesimama kati ya maneno hayo mawili.

Tunisia wakapata penalti kabla ya mapumziko wakafunga. Mapema kipindi cha pili Feisal Salum akasawazisha. 1-1. Kuanzia hapo sebule ikagawanyika. Mimi na baba mdogo tunapiga kelele, "Tulieni! Rudisha nyuma! Shika mpira!" Shangazi amesimama mbele ya runinga, mikono juu, "Nendeni! Mbona mnaogopa? Pigeni!" Jirani aliyekuwa dirishani akauliza kama tunaangalia mechi moja.

Refa akapuliza. Baba mdogo akanikumbatia, na nadhani alikuwa amerudi Ndola. Barabarani pikipiki zikaanza honi, nyingine nilizitambua kwa mlio, honi nilizoziuza mimi. Kwa mara ya kwanza katika historia Tanzania iko hatua ya mtoano. Shangazi akasubiri kelele zishuke.

"Nani kashinda?"

"Dada, tumepita," baba mdogo akasema.

"Sikuuliza kama tumepita."

Akataka kujua tumepita kwa cheo gani, maana wa kwanza Nigeria, wa pili Tunisia. Nikamwambia watu wanaita mshindwa bora. Akalirudia lile jina mara mbili, taratibu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. "Yaani mmeshindwa vizuri kuliko wenzenu!" Kila akituliza pumzi anamtazama baba mdogo aliyekuwa bado anafuta machozi, anaanza upya.

Nilimwonyesha ubao. Pointi 2, shangazi. Ni zile zile za Zambia na Kongo. Miaka 2 iliyopita zilituweka mkiani, leo zimetuvusha. Nilidhani nimeshinda ubishi. Akaniuliza kama wachezaji walicheza vizuri zaidi ya ile mara nyingine, au kina Angola ndio walicheza vibaya zaidi. Sikuwa na jibu la chaki.

Jumapili tarehe 4 Januari, hatua ya 16, Moroko wenyewe nyumbani kwao Rabat. Kabla hata wimbo wa taifa haujapigwa shangazi akaniita. "Leo nako kuna sare?"

Nikamweleza: zikiisha 90 sawa kwa sawa, zinaongezwa 30, bado sawa ni penalti. Lazima mmoja atoke.

"Haya," akasema, akasogeza kigoda.

Hakupiga kelele nyingi. Tulicheza kiume, na nafasi tulizipata. Dakika ya 64 Brahim Díaz wa Moroko akafunga kutoka pembeni, pembe ambayo mimi ningesema haifungiki. Tukasukuma mpaka mwisho, na safari hii wote wawili sebuleni tulikuwa tunasema neno moja, pigeni. Ikaisha 1-0.

Baba mdogo alikuwa ameshaondoka, yuko Mpwapwa na redio yake, nikawaza anavyojisikia. Shangazi akasimama, akafungua khanga kiunoni, akaikunja. Nilikuwa namsubiri. Nilikuwa na jibu tayari, mara hii rahisi kuliko zote, naye hakuuliza.

"Leo huulizi?" nikamwambia.

"Leo nimeona mwenyewe," akasema, akatoka kwenda kufungia kuku.